Pete ya Bomba la Baba

Uingereza,
Jumapili jioni.

Wifi yangu Wawira,

Kabla sijakujulia hali, nakuomba barua hii uisome peke yako. Ile ya kusomewa nyumba nzima ni hiyo iliyokunjwa kwenye karatasi ya buluu. Ndani yake nimeweka salamu za Baba na Mama, habari za theluji, na picha ya mume wangu Mwenda akiwa amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Hiyo isome baada ya chakula kama kawaida yetu, kuanzia juu hadi chini, maana najua Baba hukurudisha ukiruka hata mstari mmoja. Hii ya kwako ifiche kwenye kabati la vitambaa, mahali ambapo hakuna mwanamume wa nyumba yetu aliyewahi kutia mkono.

Sasa hujambo, mama Gacheri? Na mtoto je, bado anatafuna nyuzi zako? Nimesoma kwamba macho yanamsumbua Mama akitoka kwenye moshi wa jikoni, na kwamba kaka yangu Mutwiri, tangu apewe usukani wa pikapu ya miraa kule Laare, anakuja nyumbani kama mgeni, anakunywa chai na kuaga. Pole, wifi. Alikutoa kwenu Runyenjes kwa maneno matamu, kisha akakuachia boma zima na wazee wake. Mimi na Mwenda tuko wazima wa mwili. Yeye bado anasoma, vitabu vimejaa hadi kitandani, na mimi bado niko kiwandani. Usingizi ndio umenikataa, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Kazi yangu nimewahi kukueleza kwa juu juu tu, kwa sababu ukiiandika inaonekana ni ya kuchekesha. Mtu anasafiri kutoka Githongo, anavuka bahari, anafika nchi ya watu, kisha kutwa nzima anatazama vipete vya mpira. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ni pete za kuzibia, zile ambazo Baba na watu wote wa sokoni wanaziita washa. Zinawekwa mahali ambapo chuma kinakutana na chuma ili maji, mafuta au hewa visipite. Ziko kwenye breki za malori, kwenye mifereji ya maji, kwenye mashine za hospitali. Hakuna anayezijua mpaka moja ikose kufanya kazi yake.

Pete hizi zina namba zake, kama viatu. Unene ni wa aina chache tu, na kwa kila unene kuna orodha ndefu ya upana wa tundu. Huwezi kumwambia mtu wa kiwanda akutengenezee ya katikati, kama vile huwezi kwenda dukani kwa Mhindi kutafuta kiatu cha namba isiyokuwapo. Tena kuna namba za inchi na namba za milimita, na hizo mbili hazipatani kabisa. Zikichanganyika mezani, msimamizi wetu, mzee mmoja anayeitwa Frank, hukunja uso kama mtu aliyeuma ndimu.

Kazi yangu ni kukagua. Nina koni ya chuma iliyochorwa mistari. Nachukua pete, naitelemsha kwenye koni, naangalia imesimama kwenye mstari gani. Hakuna pete inayotoka sawasawa na namba yake, hata moja. Mpira ukitoka kwenye kalibu ya moto hupoa na kusinyaa upendavyo wenyewe. Kwa hiyo karatasi ya vipimo inasema: ukubwa ni huu, na ikizidi kwa kiasi hiki au kupungua kwa kiasi hiki tutaipokea. Ikipita hapo inatupwa. Unene wa pete kama ile ya Baba unaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa unene wa karatasi hii unayoishika. Sikutanii. Shika karatasi moja kati ya vidole vyako, basi hiyo ndiyo huruma yote tuliyopewa.

Mimi, Kathure, ambaye Mama alikuwa akinituma mtoni akijua nitarudi na debe nusu, leo nasifiwa kwa jicho langu. Frank huniletea maboksi ambayo wengine wameyatilia shaka. Nakataa pete za watu nisiowajua, kwa ajili ya mashine nisizoziona, ili mtu fulani mahali fulani asilowe mafuta. Na baba yangu mwenyewe amelowa sumu.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba lile bomba kuukuu la kunyunyizia dawa ya kahawa, lile la shaba alilonunua kwa mzee wa nyumba ya pili, linavuja chini kwenye tangi, pale silinda ya kusukumia inapofungwa. Kila akilibeba mgongoni, dawa inamchirizikia kiunoni. Madukani Meru wakamwambia bomba la aina hiyo halitengenezwi tena, anunue jipya lote. Baba akanuna, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungusha pale. Na kwa sababu hakuiamini tyubu, akawa anajifunga gunia la nailoni mgongoni kabla ya kulibeba. Uliandika kwamba watoto wa shule wakipita njiani walimwita Kobe. Tulicheka, mimi na Mwenda, tukaipitisha barua hiyo kwa marafiki wetu wa hapa.

Nikakujibu kwa majivuno. Nikakwambia tyubu ya nini, na mimi nakaa juu ya mlima wa pete? Nipimie ile ya zamani, nitatuma. Ukachukua futi yako ya kushonea, ukaizungusha pete kwa nje, ukaniandikia inchi zake. Unene ukaniambia ni kama sindano ya kufumia sweta, ukaniambia hata namba ya sindano. Nilifurahi, wifi. Nikasema huyu ndiye mtu wa vipimo. Nikapiga hesabu, nikatafuta namba inayokaribia, nikapata moja kwenye inchi. Nikaiomba kwa Frank, nikaitelemsha kwenye koni yangu mwenyewe. Ilisimama juu ya mstari kabisa, haikuzidi wala kupungua. Pete safi kuliko zote za siku ile. Nikaifunga kwenye kitambaa na kuituma kwa mkono wa yule mwanafunzi wa Chogoria aliyekuwa anarudi nyumbani.

Baba alivyoipokea uliniandikia, na mstari huo nimeusoma mara nyingi. Kwamba aliivaa kwenye vidole vyote vya mkono mmoja akaenda nayo hadi kiwanda cha chama cha wakulima siku ya kupima kahawa, akiwaonyesha wanachama: "Hii imetoka kwa mikono ya Kathure." Kwamba pete ya zamani aliitupa chooni siku ileile, akisema takataka imekwisha nyumba hii. Kwamba mpya ilikuwa na ubishi kidogo kuingia, ikatokeza kibonge upande mmoja, akaisukuma kwa kitako cha kisu, akakaza nati mpaka ikanyamaza. Akajaza maji, akapampu, halikudondosha tone.

Na gunia la nailoni akampa Mama aanikie mahindi.

Sasa nije kwenye barua yako ile ya mwezi uliopita. Wifi, niliisomea kwenye ngazi za nyumba nikiwa bado na koti, na sikuingia ndani mpaka Mwenda aliponijia. Uliniandikia ulivyomkuta Baba amekaa chini kati ya mibuni, bomba bado liko mgongoni, jasho linamtoka kama mtu aliyetoka mtoni, mate yanamshuka, anakuita kwa jina la marehemu dada yake. Shati limelowa mgongo mzima hadi kwenye pindo. Na wewe umesimama pale, mkwe wake, na unajua shati lile linatakiwa kutolewa, na huwezi.

Najua wapo watu wa huku ambao nikiwasimulia hilo hawataelewa. Watauliza, kwa nini hakumvua tu? Lakini mimi nimezaliwa hapo. Najua mke wa mwana hamshiki baba mkwe mgongoni, hamwoni kifua wazi, na hata akikutana naye kwenye njia nyembamba yeye ndiye hupanda kwenye nyasi. Ndiyo nthoni yenyewe, ile haya ya wakwe, na kwenu Embu ni hivyohivyo. Ukapiga kelele za kuita watu, ukakimbia hadi kwa jirani, akaja yeye akamvua. Uliniandikia, "Nilichelewa kwa sababu ya heshima, naona aibu." Usione aibu. Ulifanya kilichowezekana, ukiwa umesimama kwenye udongo huo, na mimi mwenye damu yake nilikuwa nakunywa chai ya maziwa baridi na kuzungumzia hali ya hewa.

Dispensari wakampa sindano, wakasema ni dawa ya wadudu imeingia kupitia ngozi, asiiguse tena mpaka apone. Yeye akasema ni malaria. Hapo ningelia nikamaliza, lakini ukaendelea kuandika, na chini kabisa ya ukurasa ukaweka maneno haya, kama mtu anayesema jambo dogo: "Nashangaa hiyo washa iliingiaje kwa nguvu, na mimi nilikuongezea nusu inchi ya nafasi ili isibane."

Wawira. Nilisoma pale mara ya kwanza nikapita. Mara ya pili ndipo nikakaa chini.

Nusu inchi ya nafasi. Bila shaka uliongeza. Wewe huongeza kila mara. Gauni langu la kuagia ulilonishonea tungeweza kuingia mimi na Mama na bado tukapumua. Soko zima la Githongo linajua nguo ya Wawira ina nafasi ya kushiba, na ndiyo maana wanawake wanakupenda. Kiuno cha mtu hupimwa, kisha huonewa huruma. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa kule Runyenjes na ndivyo fundi mwema anavyofanya. Ukaichukulia pete ya mpira kama mama mzito anayeenda harusini, ukamwachia kidogo. Na mimi sikuuliza. Nilikuwa na gauni hilo kabatini, nalitazama kila asubuhi nikivaa koti, na sikukumbuka kukuuliza. Kwa hiyo usijitie lawama, maana nikianza kuzigawa, fungu kubwa litakuwa langu.

Nilimpelekea Frank mambo yote. Ni mtu wa maneno machache, mkewe alifariki, anakula mkate wake amesimama. Nilimchorea bomba, nikamwonyesha hesabu. Akazifuata hesabu kwa kidole, kisha akaniambia, "Pete kuukuu haipimwi kamwe. Pimeni mfereji, ule mtaro wa chuma inapokaa. Pete huzeeka, huvimba, hulala upande. Chuma hakisemi uongo." Akanieleza kwamba pete iliyo kubwa kuliko mfereji wake haivuji mara moja. Hiyo ndiyo hatari yake. Inakunjamana, nati inaibana mahali pamoja, inaziba vizuri mbele ya macho yako, hata ukijaribu kwa maji. Kisha inajikata pole pole pale ilipobanwa, siku moja inafunguka yote kwa pamoja, bomba likiwa limejaa.

Nikamwambia, basi nitaondoa ile nusu inchi, nipige hesabu upya, nitume nyingine. Akatikisa kichwa. Futi ya kitambaa, pete kuukuu, unene wa sindano: akaniwekea mezani pete tatu zinazofuatana kwa namba, akasema mojawapo ya hizi huenda ni yenyewe, na mbili zitadanganya kama ile ya kwanza. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. "Inazuia nini? Maji?" Nikamwambia, hapana, dawa ya wadudu. Akashika kichwa. Kumbe kuna mpira unaokaa na maji miaka mingi, lakini ukiguswa na dawa kama hiyo unavimba kama mandazi. Niliyomtumia Baba ilikuwa ya maji. Namba si yake, na mpira wenyewe si wake.

Na pete yenyewe haikuwa na kosa, wifi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Ukiirudisha leo kwenye koni yangu kama ilivyokuwa, nitaipitisha tena. Ni pete nzuri kabisa ya mashine nyingine.

Siku hiyohiyo nikaomba ruhusa nikaenda kwenye kibanda cha simu. Nilikuwa na namba moja tu ya Githongo, ya Salim wa bucha. Ikalia sana, mwishowe akashika.

"Hallo, bucha."

"Salim, ni Kathure, wa Baba Mutwiri. Napiga kutoka Uingereza."

"Kathure! Wacha! Habari ya Ulaya? Baridi iko aje?"

"Salim, nisikize, hii simu itakatika. Mwambie Baba asitumie lile bomba la dawa. Pete niliyotuma..."

"Pete ilifika! Alituonyesha hapa sisi wote. Mzee anajivunia wewe sana, ujue. Amekuwa mgonjwa kidogo lakini ako sawa, juzi nilimuona market, mikono tu ndiyo inatetemeka. Mimi namwambia ni uzee."

"Salim, pete si..."

Basi. Ikalia tuu, tuu. Nikajaribu tena mpaka mtu aliyengoja nje akaanza kugonga kioo. Laini ya Meru haikupatikana tena siku ile, wala kesho yake, wala baada yake. Utaniuliza kwa nini sikutuma telegramu. Nilifika hadi dirishani posta, nikashika kalamu. Nikakumbuka kwamba telegramu ya mwisho kuingia nyumba yetu ilikuwa ya kifo cha shangazi, na kwamba Mama alianguka kabla haijafunguliwa. Na kwamba ingesomwa na soko lote kabla ya kufika kwako. Nikaiweka kalamu chini. Labda nilikosea. Siku hizi kila ninachofanya na kila ninachoacha kufanya kinaonekana ni kosa.

Juzi imefika barua yako ya pili. Kwamba Salim alikuja mwenyewe hadi nyumbani na nusu kilo ya matumbo kama zawadi, akamwambia Baba: "Kathure amepiga simu kutoka Uingereza kuuliza pete." Na Baba akasema, "Unaona? Hata akiwa huko anafikiria bomba langu." Kwamba amelitoa bomba stoo, amelisugua kwa majivu, pete ameigundisha kwa kiraka cha baiskeli pale ilipokatika. Kwamba anangoja mvua ianze, maua yageuke matunda, apige dawa ya ugonjwa na ya wadudu kwa pamoja, kwa kuwa mwaka jana chama kilimkatalia magunia. Na wewe ukajaribu, Mungu akubariki, ukamwambia ukiwa mlangoni, umeinamisha macho, "Baba, labda hiyo washa ndiyo ilileta shida." Akakujibu, "Hii imepimwa na Kathure na mashini ya Ulaya. Wewe mtoto wa Runyenjes, unataka kuniambia hajui kazi yake?"

Nimeirudia sentensi hiyo nikiwa kazini, nikiwa kwenye basi, nikimenya viazi. Nimefikiri nimwandikie mwenyewe, kwa mkono wangu: Baba, nilikosea, pete ni mbaya, itupe. Nimeiandika barua hiyo na kuichana. Kwa sababu namjua. Unadhani ataitupa? Atasema mtoto ameingiwa na woga wa bure, ananionea huruma kwa sababu niliugua. Atalibeba bomba makusudi, tena bila shati zito, ili majirani wamwone, ili mtu yeyote asije kusema kilichotoka kwa Kathure kilimuumiza. Nikimwomba radhi, nitakuwa nimembebesha bomba mimi mwenyewe. Sina neno la kumwambia baba yangu ambalo halitamrudisha shambani. Wazee wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya kwangu imefika hadi huko, na imempiga mwenye nyumba.

Kuja siwezi. Mwenda hajamaliza, ruhusa yangu ya kukaa imefungwa na masomo yake, na nikitoka kurudi ni mlango mwingine. Mutwiri nimemwandikia kwa anwani ya Laare, hajajibu, na wewe unasema barua zake hukaa kwa mwenye hoteli mpaka zifungiwe nyama. Mama nikimwambia atamwambia Baba kabla ya chai kuchemka. Nimewapitia wote mmoja baada ya mwingine, na kila nikizunguka narudi kwako.

Nimefikiri sana juu ya ile tyubu ya baiskeli. Ilikuwa inavuja kila siku, na hakuna siku iliyomwangusha. Kwa nini? Kwa sababu hakuiamini. Alijifunga nailoni, alinawa, alilalamika, alibeba nusu tangi. Pete yangu ndiyo iliyomvua nailoni. Kwa hiyo sitatuma nyingine, hata nikiipata iliyo sawa, maana ikitoka kwangu ataiamini tena. Nataka arudi kuwa Kobe.

Ombi langu ni hili. Stoo haifungwi, na Jumapili Baba huenda kanisani kabla yenu ili akakae kiti cha mbele. Ingia. Fungua nati iliyo chini ya tangi, vaa mfuko wa nailoni mkononi kwanza, ina mabaki ya dawa. Itoe ile pete. Usiihurumie kwa sababu nimeituma. Chukua mkasi wako mkubwa, ule wa kukatia makoti, uikate vipande vipande, asiweze kuigundisha tena. Kisha virudishe vipande mahali pake, akifungua akute imekatika yenyewe, kama mpira ulivyo. Atasikitika, ataketi kwenye kigoda chake kwa muda, kisha ataenda kutafuta tyubu. Ile nailoni itoe kwenye mahindi ya Mama, uitundike pale pale kwenye bomba, asiikose.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uingie mahali pa baba mkwe wako na kuharibu chombo chake kwa siri, wewe ambaye hukuweza hata kumvua shati akiwa anakufa. Ungekuwa umeniomba mimi jambo hilo kwa baba yako kule Runyenjes, sijui ningeweza. Lakini sioni mkono mwingine. Wangu ungekuwa karibu ningeikata mwenyewe, huku ananiangalia.

Nisalimie Mama, mwambie nimepata dawa ya macho, nitampa mtu. Nisalimie mama yako mzazi akija kumwona mjukuu, mwambie gauni aliloninunulia kitambaa chake bado linasifiwa. Msalimie jirani yetu aliyemvua Baba shati. Sijui nimlipe nini, mwambie tu Kathure anajua. Salim wa bucha mwambie asante kwa matumbo, na usimweleze lolote. Mtoto Gacheri mbusu kwenye kitambi. Mutwiri akija, mfungie mlango mpaka aisome barua yangu, ndipo apewe chai. Baba usimsalimie kupitia karatasi hii; salamu zake ziko kwenye ya buluu, na nimeziandika kwa furaha yote niliyoweza kukusanya.

Barua hii naipeleka posta kesho kabla ya kazi. Nimeangalia kalenda mara nyingi hata Mwenda ameigeuza ikatazama ukuta. Najua mvua zetu huwa haziningoji. Kwa hiyo ukifika mstari huu na nje kumeshanyesha, na unasikia kule chini kwenye mibuni ule mlio wa mpini wa bomba unapanda na kushuka, usingoje Jumapili wala usikunje karatasi hii. Mvue, wifi. Mtue bomba, mvue shati kwa mikono yako, lawama nitaibeba mimi. Na kama bado kuko kimya, nenda na mkasi.

Nusu inchi yako naijua na ninaipenda. Lakini hii moja kata kabisa, usiiachie nafasi.

Ni mimi wifi yako, ninayekutegemea,
Kathure.